Sumu ya risasi kwenye maji na damu: umeme unainasaje?

Wadau, leo naanza kwa kuungama. Nilipokuwa mdogo, mimi na wenzangu tulikuwa tunavunja betri mbovu za gari nyuma ya nyumba. Zile sahani za ndani tunaziweka kwenye kopo tupu la maziwa, kopo tunalipandisha juu ya jiko la mkaa, tunapuliza moto. Baada ya muda unapata uji mzito unaong'aa kama fedha. Tunaumimina kwenye kishimo cha mchanga, ukipoa tayari tuna chubwi za mishipi yetu. Samaki tulivua, raha tuliona. Jioni jiko lile lile lilipikiwa ugali.

Hakuna aliyetuambia kwamba ule moshi na lile vumbi ni sumu. Uji ule ulikuwa risasi. Namaanisha metali yenyewe inayoitwa risasi, ile ambayo risasi za bunduki zimechukua jina lake. Hii nyingine haipigi kelele. Inaingia mwilini kwa vumbi, kwa maji, kwa chakula, na kwa mikono ya mtoto anayetambaa halafu analamba vidole. Mwili unaifananisha na kalsiamu, basi unaihifadhi kwenye mifupa kama akiba. Kwa mtoto inaharibu ubongo ungali unakua. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama.

Sasa swali langu la leo: kitu kisichoonekana, kisichonuka, na ambacho kwa kiasi kidogo hakina ladha, utajuaje kama kimo kwenye maji ya kisima chenu?

KISA CHA OWINO UHURU

Kabla ya kuingia kwenye sayansi, twende kwanza kwa majirani zetu wa Mombasa, maana pale ndipo utaona kwa nini kupima ni jambo la kufa na kupona.

Kuna mtaa Mombasa unaitwa Owino Uhuru, mtaa wa watu wa kipato cha chini. Mwaka 2007 pembeni yake kilianza kazi kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu ili kupata risasi. Mwaka 2009 mama mmoja, Phyllis Omido, aliajiriwa kiwandani hapo. Mtoto wake mchanga akaanza kuugua. Akatibiwa malaria, akatibiwa homa ya matumbo, wapi! Baadaye ndipo damu yake ikapimwa risasi, na risasi ikakutwa.

Omido akaacha kazi, akaanza kupiga kelele pamoja na wakazi wa mtaa. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamua wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua fidia hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Upeo ikairudisha.

Hesabu miaka hapo: kutoka 2007 hadi 2024 ni miaka 17.

Na angalia kitu kimoja. Dalili za risasi ni kuumwa tumbo, kupungukiwa damu, uchovu, na ikizidi sana, degedege. Dalili hizo hizo unaziona kwenye magonjwa mengine kibao. Mama anaweza kuzunguka hospitali zote na hata kwa waganga, asipate jibu, kwa sababu hakuna aliyepima kitu chenyewe. Na ukienda mahakamani bila namba, utaambiwa ni hisia zako tu. Asiyepima hana cha kudai.

UGUMU UKO WAPI?

Ugumu ni kwamba tunatafuta kitu kidogo mno. Mwongozo wa WHO kwa maji ya kunywa unasema risasi isizidi mikrogramu 10 kwa lita moja. Kadimiamu, ambayo huharibu figo, isizidi mikrogramu 3. Zebaki mikrogramu 6, aseniki mikrogramu 10.

Mikrogramu ni nini? Ni gramu moja iliyogawanywa mara milioni. Tuiweke kwa picha: dawa iliyomo kwenye vidonge viwili vya panadol vya miligramu 500 ni gramu moja. Sasa chukua maboza 10 ya maji, kila boza lita 10,000. Saga gramu moja ya risasi, igawe sawasawa kwenye maboza yote 10. Hapo umefika mpaka wa WHO. Ukizidisha kidogo tu, umevuka.

Maabara kubwa zina mashine za kuona kiasi kidogo hivyo. Nyingine huunguza sampuli kwenye moto mkali na kuangalia mwanga unaofyonzwa, nyingine huigeuza sampuli kuwa gesi yenye joto la maelfu ya nyuzi na kupima uzito wa atomu moja moja. Ni mashine nzuri sana. Lakini ni ghali, zinataka gesi maalumu, umeme usiokatika, na fundi aliyesomea. Sampuli inasafiri kwa basi mpaka mjini, inapanga foleni, na majibu yanakuja wakati maji yameshanyweka.

Ndio maana watafiti wengi wamekazana kutafuta njia ya kupima pale pale kisimani. Njia mojawapo inatumia umeme.

UMEME UNAFANYA KAMA KIBUBU

Wengi mmeshaona kile kimashine cha kupimia sukari. Unatoboa kidole, unaweka tone la damu kwenye kikaratasi, unapata namba. Wazo la kupima sukari kwa umeme lilianzia kwa Leland Clark na mwenzake huko Marekani mwaka 1962. Kipimo cha risasi ni ndugu yake, ila kinafanya kazi kwa mtindo tofauti, na mtindo wenyewe ni kama kibubu.

Fikiria kibubu chako. Unatumbukiza sarafu moja moja, siku baada ya siku. Ukitazama sarafu moja, huoni hela ya maana. Siku ya kukivunja zote zinamwagika kwa mpigo, na hapo ndipo unaweza kuhesabu.

Hatua ya kwanza, kujaza kibubu. Unatumbukiza kwenye maji vijiti au vikaratasi vyenye uwezo wa kupitisha umeme. Vinaitwa elektrodi. Risasi ikiwa imeyeyuka kwenye maji inatembea kama ioni, yaani atomu iliyopoteza elektroni mbili, kwa hiyo ina chaji chanya. Ukiipa elektrodi moja umeme hasi wa kutosha, inazivuta zile ioni. Kila ioni ikigusa inapewa elektroni zake mbili, inarudi kuwa metali, inaganda pale juu. Unaacha kazi hiyo iendelee kwa dakika chache huku maji yakikorogwa. Risasi iliyokuwa imetawanyika kwenye maji sasa inakusanyika kwenye kidoa kidogo.

Hatua ya pili, kuvunja kibubu. Unaanza kupunguza ule uhasi polepole kuelekea chanya. Ikifika mahali fulani risasi inashindwa kung'ang'ania. Inaachia elektroni zake mbili na kurudi majini. Elektroni zote hizo zikitoka kwa pamoja, mkondo wa umeme unaruka juu ghafla. Kwenye kioo unaona kilima. Kilima kikubwa, risasi nyingi. Kilima kidogo, risasi kidogo.

Na utamu uko hapa: kila metali ina kituo chake cha kushukia, kama abiria wa daladala. Kwenye vipimo vya kawaida vya namna hii zinki hutangulia kushuka, inafuata kadimiamu karibu na volti hasi 0.8, halafu risasi karibu na hasi 0.5, shaba inashuka baadaye kabisa. Namba zinasogea kidogo kutegemea elektrodi na maji yenyewe, lakini foleni ni ile ile. Kwa hiyo mahali pa kilima panakwambia ni sumu gani, na urefu wa kilima unakwambia ni kiasi gani. Safari moja, majibu mawili.

ZEBAKI ILITUMIKA KUTAFUTA SUMU!

Hii kitu si ya jana. Mwaka 1922 huko Prague, Jaroslav Heyrovský alianza kupima vitu vilivyoyeyuka kwenye maji kwa kutumia matone ya zebaki kama elektrodi. Mwaka 1959 akapata Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi hiyo.

Kwa nini zebaki? Waulize wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Geita au Chunya, wanalijua jibu. Zebaki inakumbatia metali nyingine. Mchimbaji anaichanganya na mchanga uliosagwa, inabeba dhahabu, kisha anaichoma, zebaki inapaa na kumwachia dhahabu (na sumu kwenye mapafu yake). Tone la zebaki kwenye maabara linafanya vile vile. Linakumbatia risasi na kadimiamu kwa upole, halafu umeme unazitoa. Kwa miaka mingi hakukuwa na elektrodi nzuri kuishinda.

Lakini jamani, kubeba chupa ya zebaki kwenda kijijini kutafuta kama maji yana sumu! Ni sawa na kuzima moto kwa petroli. Mkataba wa Minamata wa kupunguza matumizi ya zebaki duniani ulianza kufanya kazi mwaka 2017, na jina lake linatokana na mji wa Japani ambako zebaki ya kiwandani iliharibu maisha ya watu kwa kupitia samaki waliokula.

Mwaka 2000 Joseph Wang na wenzake wakaonyesha kwamba utando mwembamba wa metali inayoitwa bismuthi unaweza kushika nafasi ya zebaki. Bismuthi nayo inakumbatia risasi na kadimiamu, ila sumu yake ni ndogo sana. Hata baadhi ya dawa za vidonda vya tumbo zina bismuthi ndani. Mlango ukafunguka.

NANO INAINGIAJE? FIKIRIA ZEGE

Neno nano linatisha bure. Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita, basi. Cha muhimu ni kujua kwa nini udogo una faida.

Chukua mchemraba wa sentimita moja kila upande. Ngozi yake, yaani eneo lote la nje, ni sentimita za mraba 6. Ukate uwe vimchemraba vya milimita moja, ngozi inakuwa sentimita za mraba 60, japo kitu ni kile kile. Endelea kukata mpaka vipande vya nanomita 10, na ngozi yote ukiitandaza chini inafika mita za mraba 600. Hicho ni zaidi ya kiwanja kizima cha basketi kutoka kwenye kitu cha ukubwa wa dadu!

Sasa kumbuka kibubu chetu. Risasi inagandia kwenye ngozi ya elektrodi. Ngozi kubwa maana yake viti vingi vya kukalia, kilima kirefu zaidi, na hata risasi kidogo sana inaonekana.

Ila chembe ndogo peke yake ina matatizo. Nyingine zinashikamana zenyewe kwa zenyewe, nyingine hazipitishi umeme vizuri, nyingine zinabanduka na kuelea. Hapo ndipo wanachanganya. Fundi akitaka nguzo imara anachanganya saruji, mchanga, kokoto, anaweka na nondo. Kila kimoja kina kazi yake, na kwa pamoja wanapata kitu ambacho hakuna hata kimoja kingeweza peke yake. Zege la nano ndio hivyo hivyo:

1. Kaboni ndio nondo na barabara. Kuna mirija myembamba mno ya kaboni, ambayo Sumio Iijima wa Japani aliieleza mwaka 1991. Kuna grafini, shuka la kaboni lenye unene wa atomu moja, ambalo Andre Geim na Konstantin Novoselov walilitenga mwaka 2004 na kupata Nobel ya fizikia mwaka 2010. Hizi zinapitisha umeme haraka na kutoa ngozi kubwa.

2. Chembe za metali ndio mikono ya kukamata. Bismuthi kwa ajili ya risasi, kadimiamu na zinki. Dhahabu kwa ajili ya zebaki na aseniki. Unaona ilivyogeuka? Geita zebaki inatumika kukamata dhahabu, kwenye kipimo dhahabu inatumika kukamata zebaki.

3. Plastiki laini au gundi ndio saruji. Wengine wanatumia Nafion, ambayo inakaribisha ioni zenye chaji chanya na kuzuia takataka zenye chaji hasi. Wengine wanatumia kitosani, inayotengenezwa kutoka maganda ya kamba na kaa.

Mchanganyiko huo unageuzwa kuwa kama wino, unachapwa kwenye kipande cha plastiki kama wanavyochapa fulana. Unapata kikaratasi kidogo cha kupimia. Unakitumia, unakitupa. Kimashine chake kinaweza kutosha mkononi na kuendeshwa na betri.

BASI MBONA HAVIJAJAA MTAANI?

Hapa ndipo nataka tuwe makini, maana habari za namna hii zinapenda kuandikwa kama muujiza. Kila mara utasoma kwamba watafiti wa chuo fulani wametengeneza kipimo kinachoona risasi kidogo kuliko mwenzao. Sawa, lakini uliza: waliiona kwenye maji gani?

Maji ya maabara ni masafi, wametia risasi wenyewe, wanajua jibu kabla ya kupima. Maji ya kisima chetu yana tope, majani yaliyooza, sabuni, chumvi. Takataka hizo zinapaka ile ngozi na kuziba viti. Kilima kinakuwa kifupi, na wewe unashangilia maji ni salama kumbe kipimo ndicho kimezibwa. Shaba nayo ikiwa nyingi inagombania viti na risasi. Tena risasi nyingine imeng'ang'ania kwenye chembe za tope, haitembei kama ioni. Usipotia asidi kidogo ili iachie, hutaiona kabisa.

Zipo dawa za matatizo haya. Mojawapo ni ya kijanja na rahisi: unapima maji, halafu unaongeza kiasi cha risasi unachokijua, unapima tena. Kilima kikipanda kama kinavyotakiwa, kipimo kinasema kweli. Kikipanda nusu, ujue kimezibwa. Ukikutana na mtu anauza kimashine cha kupima sumu kwenye maji, muulize kama anafanya hivyo. Akibabaika, funga pochi.

Na hata kampuni zenye uzoefu zinateleza. Kwa upande wa damu, vimashine vya mkononi vinavyotumia mtindo wa kibubu viko kazini siku nyingi. Kinachojulikana sana ni LeadCare cha Marekani: tone la damu, dakika tatu hivi, namba inatokea. Mwaka 2017 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba vipimo vya LeadCare vikitumia damu iliyotolewa kwenye mshipa vinaweza kutoa namba ndogo kuliko ukweli. Watoto waliopimwa hivyo ikabidi baadhi yao warudie. Mwaka 2021 baadhi ya vifaa vya kampuni hiyo vikarudishwa kwa tatizo lile lile la namba za chini.

Fikiria mzazi aliyeambiwa mtoto wako mzima, nenda nyumbani. Kwangu mimi kipimo kinachodanganya kuelekea chini ni kibaya kuliko kutokuwa na kipimo, kwa sababu kinamnyamazisha mtu aliyekuwa na wasiwasi wa haki.

Kwa hiyo vikaratasi vya nano tuvione kama mlinzi wa getini. Anapiga filimbi, kisha maabara kubwa inakuja kuthibitisha. Ukipima visima 50 kwa siku moja na vitatu vikapiga kelele, sasa unajua sampuli zipi za kupeleka mjini.

TURUDI OWINO UHURU

Siwezi kusema kwamba kimashine mkononi kingekizuia kile kiwanda kisijengwe. Hayo ni mambo ya vibali na watu. Lakini kati ya mtoto kuanza kuugua na mtu kujua ni risasi, kulikuwa na muda wa kupapasa gizani. Muda huo ndio sayansi hii inaweza kuufupisha. Mwaka 2021 WHO ilielekeza kwamba mtu akikutwa na mikrogramu 5 za risasi kwenye desilita moja ya damu, chanzo kitafutwe na kiondolewe. Sasa utafuataje mwongozo huo kama zahanati ya karibu haiwezi kupima?

Wakati tunasubiri, yapo ya kufanya leo bila mashine. Usivunje betri nyumbani, na usiyeyushe risasi kwenye jiko la kupikia, hata kwa chubwi. Fundi betri akirudi nyumbani avue nguo za kazi na kunawa kabla hajambeba mtoto. Watoto wanawe mikono kabla ya kula. Mtoto akiumwa tumbo kila mara, anapungukiwa damu, dawa hazishiki, na jirani kuna watu wanayeyusha betri, mwambie daktari habari ya betri. Usingoje akuulize.

Na nyie mnaosoma kemia sekondari na vyuoni, mnaolalamika kwamba elektrolisisi ni ya kukariri tu kwa ajili ya mtihani: ndio hiyo hiyo. Elektroni mbili zinaingia, elektroni mbili zinatoka. Anayezihesabu kwa uaminifu anaweza kumpa mama namba ya kwenda nayo mahakamani.

Je, mtaani kwenu kuna mahali wanavunja au kuyeyusha betri? Kuna mtu amewahi kupima maji au damu? Tuelezeni hapo chini kwenye maoni, ila msitaje majina ya watu. Na wale mliowahi kuchezea chubwi kama mimi, semeni tu, hatutachekana.